Rimoti ni nzima, karatasi ndiyo mbovu

Mwezi uliopita shangazi yangu anayekaa Mbagala alinipigia simu. Hakuuliza tasnifu imefika wapi, na kwa hilo nilimshukuru. Alisema, "Baba, wewe si unasoma mambo ya umeme? Njoo uniangalizie rimoti, nimeibiwa tena."

Kuibiwa maana yake ni hii: alikuwa amenunua rimoti ya TV zote kwa kijana anayepitisha bidhaa mtaani, ya pili ndani ya miezi mitatu, na hii nayo "haisomi". Ya kwanza aliitupa jalalani. Kijana alipopita mara ya pili na kumuuzia nyingine, nayo ikagoma, shangazi alimngoja siku ya tatu akamwita mwizi mbele ya watu. Kijana akaapa rimoti ni nzima. Hakuna aliyemwamini.

TV ya shangazi ni flati ya inchi 32. Imetundikwa juu ukutani ili wajukuu wasiiguse, na vitufe vyake viko nyuma, upande wa chini. Shangazi ana matatizo ya magoti na bega. Rimoti ikifa, TV inabaki imezimwa mpaka mtu mrefu apite. Kwa hiyo kwa mtu kama yeye rimoti si anasa, ndiyo njia yake ya kuona taarifa ya habari nyumbani kwake mwenyewe bila kuomba msaada.

Nilienda Jumamosi. Nikakaa na ile karatasi ya kodi saa moja na nusu. (Kodi hapa si ya nyumba wala ya TRA. Ni zile namba za tarakimu tatu au nne unazoingiza kwenye rimoti ili ielewane na TV.) Jina lililo mbele ya TV nikalikuta kwenye orodha, na chini yake namba kumi na mbili. Nikajaribu zote. Kimya. Nikajaribu za majina yanayofanana. Kimya. Mwisho tukamwita fundi wa pale mtaani. Akaiangalia TV, akacheka kidogo, akaingiza namba ambayo haikuwa chini ya jina lile kabisa. TV ikawaka. Dakika nne, elfu mbili.

Nina shahada ya uzamili, na osiloskopu naishika karibu kila wiki. Kosa langu lilikuwa kuiamini karatasi. Basi leo nataka kuihakiki karatasi hiyo kama watu wanavyohakiki vitabu. Ukihesabu maandishi ya kitaalamu yanayoingia kweli kwenye nyumba za Temeke na Kinondoni, hii imo, na inasomwa na watu ambao hawatafungua blogu yetu hata siku moja.

Rimoti inasema nini hasa

Tuanze na kitu chenyewe. Mbele ya rimoti kuna kitaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 940. Jicho la binadamu haliuoni. Kamera ya simu inauona. Fungua kamera, hasa ya mbele, elekeza kwenye kitaa na ubonyeze kitufe chochote: utaona kinamweka, kirangi kama zambarau. Kamera nyingi za nyuma zina kichujio kinachouzuia mwanga huo, ndiyo maana nasema ya mbele. Ukiona kinamweka, rimoti inaongea. Kama TV haiitikii, tatizo liko kwenye lugha.

Na lugha ipo kweli. Kwenye mfumo maarufu unaoitwa NEC, kitaa kinapepesa mara 38,000 kwa sekunde ili jicho la TV liutofautishe mwanga huo na wa jua au wa taa ya sebuleni. Ujumbe unaanza na mwako mrefu wa milisekunde 9, unafuata ukimya wa milisekunde 4.5, halafu zinakuja biti 32. Biti ya 0 inachukua milisekunde 1.125, biti ya 1 inachukua 2.25. Biti 8 za mwanzo ni anwani, yaani nani anaitwa. Nane zinazofuata ni anwani ileile iliyogeuzwa, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, ili kuhakikisha hakuna kilichosikika vibaya. Kisha biti 8 za amri, na nyingine 8 za amri iliyogeuzwa. Yote hayo yanaisha ndani ya milisekunde 68 hivi.

Ni kama kuita uani: "Mama Asha! Lete maji!" Kila mtu anasikia, lakini anayeitika ni Mama Asha tu. Jina la kuitwa ndiyo anwani, maji ndiyo amri.

Sasa si wote wanaoongea NEC. Philips walitengeneza RC-5, inayopepesa mara 36,000 kwa sekunde na kubeba biti 14. Sony wana mfumo wao, mara 40,000, na ujumbe wake wa kawaida una biti 12. TV inayosubiri NEC ukiipa RC-5, kwake ni kelele tu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo karatasi hailisemi popote. Ile namba ya kodi hairushwi hewani. Ni namba ya ukurasa ndani ya kumbukumbu ya rimoti. Ukurasa huo umeandikwa: tumia mfumo huu, anwani hii, na kitufe cha sauti kitume amri hii. Ukiingiza kodi unaiambia rimoti ifungue ukurasa fulani, basi. Ndiyo maana kodi uliyopewa na jirani mwenye rimoti ya aina nyingine mara nyingi haikusaidii. Kitabu chake si chako, na ukurasa wa 40 wa kwake si wa 40 wa kwako.

Kwa nini inauliza jina

Karatasi imepangwa kwa majina ya kampuni, A mpaka Z. Swali lake ni moja: TV yako inaitwaje? Nataka kuitendea haki, kwa sababu zamani hilo lilikuwa swali zuri.

Rimoti ya kwanza ya TV zote ilitolewa Marekani mwaka 1985 na Philips, kwa jina la Magnavox. Miaka hiyo kampuni yenye jina kubwa ilikuwa inajitengenezea saketi zake na kujichagulia lugha ya rimoti. Ukijua jina, umeijua lugha. Orodha ya majina ilikuwa na mantiki kabisa.

Njia nyingine ilikuwepo pia. Mwaka 1987 Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, alitoa rimoti iliyoitwa CORE kupitia kampuni yake ya CL 9. Hiyo haikuhitaji kuambiwa jina. Unaielekezea rimoti ya zamani, unabonyeza kitufe, inasikiliza na kunakili. Udhaifu wake ni kwamba rimoti ya zamani lazima iwe hai. Shangazi ya kwake ilikanyagwa.

Tulichorithi mitaani ni njia ya majina. Shida ni kwamba majina yenyewe yamebadilika maana.

Jina la nje, bodi ya ndani

TV nyingi za bei nafuu zinazouzwa Dar es Salaam siku hizi hazikutengenezewa saketi na kampuni ambayo jina lake limeandikwa mbele. Kuna watengenezaji wa chipu wachache, kuna viwanda vinavyotengeneza bodi juu ya chipu hizo, halafu kuna majina lukuki yanayobandikwa juu. TV mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na bodi moja. TV mbili zenye jina moja, za miaka tofauti, zinaweza kuwa na bodi mbili zisizofahamiana.

Halafu kuna fundi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinachoungua mara nyingi ni bodi, na bodi ya asili haipatikani. Fundi anaweka bodi ya kubandika popote. Wengi wanazijua V56 na V59, namba zinazotokana na majina ya chipu za MStar zilizomo ndani yake. Bodi hizo zinaingia kwenye skrini za aina nyingi, na zinakuja na lugha yao ya rimoti. Tangu siku hiyo jina lililo mbele ya TV ni pambo.

Ndicho kilichotokea kwa shangazi. Fundi aliniambia, "Kaka, hilo jina la nje tu. Ndani bodi nilibadilisha mwenyewe mwaka jana." Shangazi alikumbuka TV iliungua, alikumbuka na alicholipa. Kwamba TV ilikuwa imebadilisha lugha, hakuna aliyemwambia. Mimi nami sikuuliza, kwa sababu karatasi haikuniambia niulize.

Nikarudi nyumbani Tegeta na mawazo hayo. Sabufa ya mpangaji mwenzangu ina jina moja, yangu ina lingine kabisa, lakini rimoti yake inapandisha sauti ya kwangu kupitia mlangoni. Siku zote tulichukulia ni utani wa vifaa vya bei ndogo. Safari hii nilichukua Arduino na kipokezi cha infraredi, nikasoma zote mbili. Zote NEC, zote anwani 0. Nikatafuta na ile rimoti ndogo ya vitufe 21 iliyokuja na vifaa vya kujifunzia Arduino. Nayo anwani 0. Nikaielekeza kwenye sabufa: baadhi ya vitufe vikafanya kazi, vingine vikafanya mambo ya ajabu, kwa kuwa anwani ni ileile lakini amri zimepangwa tofauti. Vyumba viwili, vifaa vitatu, majina matatu, na Mama Asha mmoja.

Makosa ya karatasi, moja moja

Kosa la kwanza nimeshalisema: inauliza jina badala ya kuuliza kilichomo ndani. Swali la kwanza lingekuwa "TV hii imewahi kufunguliwa na fundi?" Jibu likiwa ndiyo, orodha ya majina weka pembeni.

Kosa la pili ni orodha yenyewe. Kuna Zenith, kuna Admiral, kuna Telefunken. Sina ugomvi nazo, lakini mtu wa Tandika hatakutana nazo. Majina anayokutana nayo dukani hayamo, au yamo mawili matatu. Orodha iliandikwa kwa ajili ya sebule ya nchi nyingine na ya miaka mingine, ikanakiliwa hadi ikafika hapa.

Kosa la tatu ndilo lililoniudhi zaidi. Rimoti ile ilikuwa na uwezo wa kutafuta yenyewe. Unashikilia kitufe, inapitia kurasa zake moja baada ya nyingine ikituma amri ya kuzima au ya sauti, na TV ikiitika unabonyeza ili isimame. Tufanye hesabu. Tuseme kumbukumbu ina kodi 300 na inajaribu moja kila sekunde: dakika 5 umemaliza zote. Kwa mkono, ukitumia sekunde 10 kwa kila kodi, ni dakika 50, na hapo hujakosea tarakimu. Njia hii haihitaji jina la TV kabisa. Ndiyo ilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Iko ya mwisho, upande wa nyuma, chini ya orodha, kwa Kiingereza kilichovunjika na herufi ambazo nilizisoma kwa kuzipiga picha na kuzikuza kwenye simu. Shangazi angezisomaje?

Kosa la nne ni ukimya kuhusu betri. Rimoti nyingi za bei ndogo husahau kila kitu betri zikitoka. Nyingine zina kumbukumbu ya kudumu. Karatasi haisemi hii ni ya aina gani. Mtu anaseti leo, baada ya miezi betri zinaisha, anaweka mpya, TV haiitikii, anasema rimoti imekufa. Haijakufa, imesahau.

Kosa la tano: jina "ya TV zote" linaficha kwamba ni ya TV tu. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kimekuwa mwanafamilia, na rimoti yake. Ongeza sabufa, na rimoti yake. Sebule ya kawaida ina rimoti tatu, na mtu akinunua ya nne ikiandikwa "zote" anatarajia zote. Mara nyingi itashika TV, basi. Ukitaka ishike na sabufa unahitaji ya kunakili, ile ya wazo la Wozniak, au simu yenye kitaa cha infraredi kama Redmi nyingi na baadhi ya Infinix na Tecno za miaka ya karibuni. Karatasi ingesema hivyo kwa mstari mmoja, watu wasingepoteza hela.

Na fundi je?

Ni rahisi kumalizia hapa kwa kumsifu fundi na kuicheka karatasi. Fundi anastahili sifa. Ana kichwani orodha ambayo hakuna kiwanda kimeiandika: bodi ipi inakubali kodi ipi, kwenye rimoti ipi ya zile zinazopatikana Mbagala. Huo ni utafiti, umefanywa kwa macho na kwa kukosea, miaka mingi.

Lakini uhakiki usibague. Alipobadilisha bodi mwaka jana hakumwambia shangazi kwamba rimoti yoyote atakayonunua baadaye itahitaji kodi nyingine. Hakuandika popote. Nilimuuliza kwa nini asiandike namba nyuma ya TV. Alicheka: "Kaka, nikiwaandikia wote nitakula nini?"

Alikuwa anatania, lakini si utani mtupu. Elfu mbili ya kodi ni sehemu ya siku yake. Mimi nina posho ya utafiti, yeye hana. Ninapoandika makala ya kuwafundisha watu kuseti wenyewe, nagusa mfuko wa mtu aliyenisaidia. Sina jibu safi la hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba ufundi wake mkubwa uko kwenye bodi, kwenye risasi na mkono usiotetemeka, na huo hauandikiki kwenye karatasi. Na upande wa pili wa mizani yupo kijana wa mtaani aliyeitwa mwizi kwa sababu ya namba ambayo watu wawili waliijua na hawakuiandika: fundi, na yeyote aliyetengeneza rimoti.

Sisi wa vyuoni tusijitoe. Makala zetu ngapi zinaanza na majina, mfumo huu, nadharia ile, badala ya kuanza na kitu ambacho msomaji anacho mkononi na swali linalomsumbua? Niliposoma ile karatasi mara ya tatu nilianza kuona sura ya tasnifu yangu.

Karatasi ambayo ningeiandika mimi

Ningeiandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, upande mmoja.

Kwanza, hakikisha rimoti inaongea: kamera ya mbele ya simu, bonyeza, angalia kitaa kinamweka. Kisipomweka badilisha betri kabla ya kumlaumu mtu.

Pili, kama TV imewahi kubadilishwa bodi, au jina lake halimo kwenye orodha, usihangaike na orodha. Washa TV kwa mkono, elekeza rimoti, shikilia kitufe cha kuseti hadi taa nyekundu ibaki inawaka, kisha fuata maelekezo ya kutafuta yenyewe. Kidole kiwe tayari. Ukichelewa imeshapita ukurasa wa mbele, na itabidi urudie.

Tatu, isiposimama pazuri usikubali haraka. Jaribu sauti, chaneli, menyu na kitufe cha kuhamia HDMI. Sauti ikikubali na menyu ikakataa, umepata anwani sahihi yenye amri za mwingine. Endelea kutafuta.

Nne, ukiipata kwa kodi, iandike kwenye kipande cha selotepu ubandike ndani ya kifuniko cha betri. Kabla ya kutoa betri za zamani, mpya ziwe mkononi.

Tano, rimoti hii ni ya TV. King'amuzi na sabufa vina zao.

Maneno hayo yangetosha kwenye karatasi ileile, kwa wino uleule. Kitu cha kielektroniki kwenye rimoti ya shangazi hakikuhitaji kuboreshwa hata kidogo.

Kabla sijaondoka fundi aliandika kodi kwa kalamu kwenye selotepu, bila kuombwa mara ya pili, akaibandika ndani ya kifuniko. Shangazi akaizima TV, akaiwasha, akaizima tena. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Kwa hiyo ile ya kwanza niliyoitupa?"

"Shangazi, huenda ilikuwa nzima."

Akanyamaza muda. "Na yule mtoto nilimtukana mbele ya watu." Akavuta kiti karibu na mlango, pale anapoweza kuona njia. Akaniambia niende tu, yeye atakaa pale, kijana hupita saa kumi.